Sekela amekataa kuitwa dada

Jamani, leo nimefukuzwa udugu kwa sababu ya riwaya!

Sekela ni rafiki yangu wa miaka thelathini. Sote tumefiwa na wenzi wetu. Akianika kakao mimi humsomea, maana haoni herufi ndogo.

Leo marafiki wawili wa kitabuni wakaanza kuvuana nguo. Nikaruka ukurasa, kwa heshima.

"Rudi nyuma," akasema. "Umeruka."

"Dada, hayo ni ya vijana."

"Soma, mzee. Na dada usiniite tena."

Nikarudi nyuma, nikasoma. Darasa la nne hawakutufundisha haya!

Sasa kesho nikimwamkia "Ugonile", nimalizie kwa kumwita nani? Nikisema dada, atanuna. Nikitaja jina tupu, nikawa nimemwelewa vibaya, nimempoteza rafiki.

Nishaurini upesi. Ndevu nimeshanyoa.