Siku Mama Mkwe Aliponiambia Nivue Suruali

Kuna aibu ambayo mtu anaweza kuisimulia akiwa amekuangalia usoni, halafu kuna hii yangu, ambayo hadi leo nikiisimulia naangalia viatu, kwa sababu ilinipata ukweni, Githongo, mchana kweupe, mbele ya akina mama wa kanisa waliokuja kumenya viazi vya harusi.

Aliyekuwa anaolewa ni Nkatha, mdogo wa mke wangu Kendi, na mimi ndiye nilipewa kazi ya kumbeba bibi harusi kwa sababu ya kale kagari kangu ka mbio (majirani wetu kule mtaa wa Dallas, mjini Embu, hukasikia kabla hawajakaona). Shida ilikuwa rimu za magurudumu. Ni zile za aluminiamu iliyofuliwa kama chuma, nyepesi na imara kuliko za kawaida, lakini aliyeniuzia alikuwa amezipaka rangi nyeusi ya ovyo, nayo ilikuwa inabambuka kama ganda la kitunguu. Tulipofika ile Alhamisi nikaziangalia, nikawaza picha za harusi, nikakumbuka kusikia mahali kwamba kostiki soda hula rangi, na mama mkwe huitumia kutengeneza sabuni, na mahali anapoiweka nilipajua. Sikumuuliza mtu.

Nikapeleka gurudumu moja kwa fundi wa pancha pale senta, akatoa tairi, nikarudi na rimu, nikaingia nyuma ya jikoni, nikachukua sufuria kubwa kuliko zote (ya akina mama wa kanisa, hilo nalo nililijua), nikatia rimu, maji moto, na kostiki soda bila kupima. Glovu sikuwa nazo, miwani sikuwa nayo, na miguuni nilivaa ndara. Mapovu yalianza kidogo kidogo, nikafurahi, hata nikamwita Kendi aje aone kwamba ameolewa na fundi.

Kabla hajafika, ile dawa ilikuwa inachemka yenyewe bila moto, inatoa mvuke wa kukaba koo. Sikujua kwamba kostiki soda ikimaliza rangi haisimami, inaendelea kula aluminiamu, na sufuria nayo ni aluminiamu, kwa hivyo nilikuwa nimeipa chakula na sahani ya kula pia. Nikachukua kijiti nitoe rimu. Ikateleza, ikaanguka tena ndani, maji yakanirukia usoni na mapajani, na kitako cha sufuria kikaachia. Maji meusi yakanipitia miguuni, yakashuka kuelekea kwenye viazi, akina mama wakatawanyika, nami nikabaki nimesimama, nimefumba macho, suruali inaniunguza.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe, na mjue kwamba mimi mbele ya mama huyo sijawahi hata kuvua koti.

“Baba Makena, vua suruali.”

“Mama, hiyo siwezi.”

“Nimelea wavulana watano. Vua.”

Nikavua. Akanielekezea mpira wa maji, akaniamuru nifungue macho, na kila nikiyafumba ananiamuru tena, maji ya baridi ya Githongo, muda mrefu hadi meno yakagongana, huku Kendi ameshika leso kunikinga, na akina mama wamegeuka kuangalia shamba la kahawa (si wote, mmoja nilimsikia akicheka).

Pale kliniki nesi alinimulika macho yote mawili, polepole, akasema ni mazima, ni wekundu tu utakaoisha, na kifundo cha mguu ni cha kupaka dawa. Kendi akaanza kulia hapo. Mimi nikajifanya ni yale maji bado yananitoka.

Rimu nilikuja kuzipeleka kwa fundi mmoja wa Majengo, kule Meru. Ile iliyoliwa alikataa kuifunga kwa gari, akasema ikipasuka kwa mwendo hakuna wa kulaumu. Zile tatu alizibambua nje penye upepo, mbali na moto, kwa dawa isiyokula aluminiamu, amevaa glovu ndefu na miwani, akikwangua kwa plastiki, akasuuza, akapiga msasa laini, ndipo akapaka rangi. Mimi nilitazama nikiwa mbali, mikono mfukoni, na hapo ndipo itakapokaa kila ikija kazi kama hiyo.

Lakini Jumamosi yenyewe Nkatha alibebwa na gari lenye rimu tatu za kubambuka na spea moja nyembamba, na sikuona mtu akiinama kuangalia. Wakati wa shukrani mama mkwe alichukua maikrofoni, akamshukuru Mungu kwa mvua iliyosubiri, kwa wapishi, “na kwa mkwe wangu, kwa sababu bado anaona.” Hema lote likaangua kicheko, maana Githongo nzima ilikuwa imeshapata habari. Ikabidi nisimame nipunge mkono. Nikamwona Nkatha akijipangusa machozi ya kucheka, nikamwona Kendi, nikawaona hata wale akina mama wa mwisho kabisa kule karibu na masufuria, kila mmoja na kitambaa chake machoni, nikacheka nao.