Kesho za Waingereza

Darasa letu la Kiingereza lilikuwa juu ya duka la vitambaa, Amu, yaani Lamu mjini, baada ya sala ya alasiri. Mwalimu alitoka bara, Mkristo mpole, shati limechomekwa hata siku za joto kali. Wiki ile alitufundisha kusema mambo yajayo. Nilidhani Waingereza wana kesho moja. Kumbe wanazo kadhaa: "will" ya anayeahidi au kuamua papo hapo, "going to" ya aliyekwisha kunuia, na ile ya jambo lililopangwa, "I am travelling tomorrow", kana kwamba safari imeanza na mtu bado yuko kitandani.

Mbele yangu alikaa Bi mmoja, msuka mikeka wa Kipungani. Hoteli iliyo karibu na kijiji chao ilitafuta mtu wa kuwafundisha wageni kusuka, kwa Kiingereza, na usaili ulikuwa Alhamisi. Aliitaka sana kazi hiyo. Mgongo wake ulikuwa umechoka kubeba mikeka kuileta mjini.

"I will teach you, inshallah," alisoma.

"Bi, ondoa inshallah. Mgeni atadhani huna hakika."

"Sina, Mwalimu. Nti hii tunayoikanyaga, nani ana hakika na kesho? Wewe unayo? Hongera."

Darasa likaangua kicheko.

"Ni sentensi tu, Bi."

"Kwani Mwenyezi Mungu hasikii sentensi?"

Mwishowe wakapatana: ataisema moyoni.

Alhamisi mimi na mwalimu tulimsindikiza, tukakaa kwenye benchi chini ya dirisha la ofisi. Meneja, mwanamke wa Nairobi, aliuliza, na Bi akajibu vizuri. "I will show them the leaves." Kimya. "We are going to start with the edge." Kimya tena. Mwalimu alinibana mkono kwa furaha.

Mara meneja akachungulia dirishani. "Kumbe ni nyinyi mnaomnong'onezea majibu!"

"Sisi, Madam?"

"Kila sentensi ananyamaza, midomo inacheza. Anamsikiliza nani kama si nyinyi?"

Ikabidi mwalimu, aliyelipiga marufuku neno lile la inshallah wiki nzima, asimame kulitetea huku jasho likimtoka. Bi akamsaidia kutoka ndani: "Nilikuwa na Mola wangu, bibie. Hao wawili hawana faida yoyote."

Meneja alicheka hadi akajishikiza dirishani. "Basi sema kwa sauti, Bi. Nilikaribia kukunyima kazi kwa udanganyifu."

Wakaanza upya. Majibu yalimiminika, kila moja na inshallah yake. Moja aliitia hata kwenye mkeka aliokwisha kuumaliza mwaka jana, na hakuna aliyemsahihisha. Kazi akapewa, aanze Jumamosi. Mwalimu aliinuka ampe mkono wa pongezi, lakini Bi alikuwa ameshatupita, anaelekea jikoni kuuliza kama wafanyakazi hupewa chakula cha mchana.