Sahihi, Ila Haijakaa Vizuri

Kazi yangu kule Mtumba ni kupitia ripoti za Kiingereza kabla hazijamfikia bosi. Kila sentensi naipa majibu mawili: kwanza kama ni sahihi, pili kama imekaa vizuri, maana sentensi inaweza kuwa sahihi na bado mwenye Kiingereza chake asiseme hivyo. Ndivyo tunavyofanya ofisini, na ndivyo nilivyomjibu kaka yangu.

Kaka anauza mafuta ya alizeti Chang'ombe. Kiingereza hakijui, ila binti yake kampeleka shule ya Kiingereza, na kila mtoto akirudi, kaka ananitumia kwenye simu picha ya sentensi aliyoiandika mtoto. Siku moja ilikuwa ya mbuzi wa jirani aliyekula kanga ya mama yake. Nikacheka, nikamwandikia: sahihi, ila haijakaa vizuri.

Akanirudishia ujumbe wa sauti. "Ahsante, mdogo wangu. Nimeshamnyoosha." Nyuma yake mtoto analia mpaka pumzi zinamkatika.

Damu ilinichemka. Nikapanda bodaboda hadi kwake, sikupiga hodi wala sikumwamkia. Nilimkuta anaanza upya. Mtoto alikuwa ameambiwa aandike tena, ameandika, na baba mtu hana namna ya kujua kama sasa imekaa, basi anachapa tu. Miguu ya mtoto ilikuwa michirizi mitupu, inavuja damu. Nikasimama kati yao, maana kwetu Kondoa mtoto akishajificha nyuma ya shangazi haguswi. Kaka hakujali. Fimbo ikanipata shingoni.

"Toka hapo," akasema akihema. "Samaki mkunje angali mbichi."

"Huyu si samaki, mwendawazimu wewe."

Nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake. Fimbo ikadondoka, nikaiokota, nikamchapa nayo usoni. Kaka yangu mkubwa, niliyemwamkia shikamoo tangu najifunza kusema. Sijutii hata chembe. Wifi alikuwa mlangoni, kajiziba mdomo, halafu akaingia ndani kumfungashia mwanawe nguo.

Sasa mtoto anaishi kwangu, Makole. Kiingereza chake kinawashinda wakubwa wangu wa ofisini, wallahi. Jana kaniletea daftari lenye sentensi moja tu.

"Shangazi, niangalizie hii."

Nikainama kusoma. Nilipoinua macho nimwambie haina kasoro, nikakuta amefunika kichwa kwa mikono yote miwili, anasubiri.