Shukri Alituachia Habari, Mfumo Haufungwi

Mimi nakataa. Tangu tumzike watu wananipa pole, naitikia, lakini moyoni nakataa. Shukri wetu wa mtaa wa Iftin si mtu wa kuambiwa "alikuwa."

Aliamka na maumivu ya kifua, adhuhuri haikumkuta, na kabla ya magharibi alishazikwa. Mimi nilikuwa nyumbani Mwingi. Nilipofika Garissa nilikuta viatu vimejaa mlangoni, na mama yake ndiye akawa wa kunibembeleza mimi.

Kwa msiomjua: Shukri ndiye aliyeunda mfumo unaowatumia wafugaji meseji. Bei ya mbuzi sokoni, kisima kipi kina maji, wapi mifugo inaugua. Mimi nililetwa kama mtu wa data tu. Yeye ndiye aliyenifundisha code, meza moja, feni moja, akiniita abaayo, dada yangu.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu nina hasira.

Siku za taazia hazijaisha, boss wetu wa Nairobi akanipigia. Pole sana, halafu pumzi ileile: aliyeuelewa mfumo alikuwa mmoja na hayupo tena, kwa hiyo mwisho wa mwezi tunaufunga.

Mmoja? Boss, wewe ndiye uliyetaka documentation mwaka jana. Umesahau?

Mimi sijasahau. Maelezo ya mradi kwa atakayekuja baadaye, kazi ambayo sote tuliikwepa. Shukri akafungua msaidizi wake wa AI, ile inayomsaidia kuandika code, akaiambia iandae. Muda si muda ikatoa kurasa safi: Utangulizi, Usakinishaji, Matumizi.

Nikasema tumemaliza, twende tule. Shukri akasoma huku amekunja uso. "Abaayo, hii imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kukutana na mtu njiani."

Akafuta zote. Akaanza kuieleza AI mambo ya kwao, ya Wasomali: wafugaji wakikutana njiani, mmoja anasema "warran," nipe habari, na mwenzake anatoa habari kwa mpangilio wake. Kuna amani? Maji yako wapi? Wapi kuna ugonjwa? Njia gani nisipite? "Panga maelezo yote hivyo."

Na ikapanga. "Kuna amani?" ni jinsi ya kujua seva iko hai. "Maji yako wapi?" ni data inakotoka. "Ugonjwa" ni hitilafu tunazozijua. "Usipite hapa" ni zile faili ukizigusa utalia.

Kisha ikadanganya. Iliandika kwamba nakala za data zetu zinahifadhiwa Mandera. Hatuna hata waya Mandera. Shukri akasimama, akaielekezea kompyuta kidole: "Warya, we bwana, umefika Mandera wewe?" Mimi chai ilinipalia.

Hapo ndipo alipoandika ile sheria, kwenye faili ambayo AI inaisoma kwanza kila tukiifungua. "Usitoe habari ya kisima ambacho hujafika. Kama hujafungua na kuona, andika: sijafika hapa." Na yeye mwenyewe akaifuata sheria hiyo.

Kwenye mkutano boss alicheka. "Shukri, hii ni software ama ni mambo ya ngamia?"

"Ngamia anajua njia ya kurudi, boss. Wanaopotea ni watu wa IT." Akaendelea na slide yake.

Basi wiki iliyopita meseji za Elwak zikakatika. Simu zikaanza kuingia, wafugaji wanauliza kama tumelala. Boss naye: "Si nilikuambia?"

Nikaketi kwenye kiti chake. Nikafungua AI, nikaiuliza kwa nini Elwak kumenyamaza. Ikafuata njia ya Shukri hatua kwa hatua. Amani ipo, seva iko hai. Bei zinaingia kutoka sokoni. Halafu ikaniambia: sehemu ya kutuma meseji za Elwak, inayopitia kampuni ya nje, Shukri ameandika, "Sijafika hapa."

Nililia, sitaficha. Angeweza kujaza maneno pale na nani angejua? Badala yake alinionyesha alipoishia, nami nikajua pa kuanzia.

Nikaanza. AI ikikisia, naiuliza, umefika? Inarudi kufungua faili. Mwishowe tukaona: kampuni inayobeba meseji zetu za huko ilibadilisha anwani, na sisi bado tunabisha mlango wa zamani. Nikabadilisha. Nikajaribu. Zikaenda.

Alasiri akapiga mzee mmoja wa Elwak, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kisomali. "Bei mefika. Lakini yule msichana wa kunibigia simu yuko wabi?"

Nikamwambia amefariki. Akasema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, akamwombea dua ndefu. Halafu akauliza polepole, "Na kesho, bei takuja?"

Itakuja, mzee. Kesho na kesho kutwa.

Nimemtumia boss ukurasa ule. Pale palipoandikwa "Sijafika hapa" sasa pana habari kamili, na jina langu chini ya jina lake. Amesema atafikiria. Afikirie tu, meseji zinaendelea kutoka. Na akituma mtu wa kuja kuzima, nitamkaribisha chai, nimkalishe, nimsomee kuanzia "Kuna amani?" mpaka mwisho, halafu yeye ndiye ampigie yule mzee amwambie bei haiji.

Abaayo, nimefika pale ulipokuwa hujafika. Maji yapo.

Nabadgelyo, kwaheri ya amani, Shukri. Wewe lala. Mfumo uko macho.