Kiti Mbele ya Mlango wa Mzee Kokoto

Mtu wa kwanza kuamka mtaani kwetu si mimi, ingawa mimi ndiye msimamizi wa jengo na ndiye ninayelipwa kuamka. Ni Mzee Kokoto. Saa kumi na moja alfajiri utamsikia akifunga mlango wake wa ghorofa ya chini, taratibu, kisha viatu vyake vinaanza kazi.

Hapa zamani palikuwa uwanja wa ndege. Ndege zilipohamishiwa kwingine, wakuu wa mji waliamua pajengwe makazi ambayo mtu atafika kila mahali kwa miguu: sokoni, shuleni, zahanatini. Magari yanaishia ukingoni huko. Njia yetu kuu ya kupita watu ni ileile iliyokuwa ya kurukia ndege. Imepandwa miti katikati, na nyumba zimejipanga huku na huku. Wageni wanausifu upana wake. Mzee Kokoto hasifu kitu, maana ameitembea miaka thelathini na moja kabla yetu sote.

Kazi yake ilikuwa kuikagua njia hiyo kwa miguu kabla ya ndege ya kwanza kuruka. Chochote alichokiona chini alikiokota: kokoto, nati, kipande cha waya. Kokoto moja ikivutwa na injini, injini imekwisha, na watu waliomo ndani Mungu awasaidie. Kwa hiyo hakuuliza kitu ni cha nani. Aliokota, akaandika kwenye daftari, akakabidhi stoo.

Alipostaafu, mkewe alikuwa ameshafariki. Binti yake, ambaye anaishi mbali sana, ndiye aliyemtafutia chumba na sebule kwenye jengo letu. Nilimsikia siku ya kuhamia akimwambia, "Baba, hapa majirani wako hatua chache tu. Hutakuwa mpweke." Kisha akaenda zake kuwahi safari.

Wiki ya kwanza tu mzee akaanza ukaguzi. Fulana yake ya kung'aa mwilini, mfuko mkononi. Sasa, mtaa wa watu si uwanja wa ndege, watu huacha vitu nje. Akaokota mpira, kiatu cha mwanasesere, chaki, na chungu cha maua kilichotokeza njiani hatua moja. Vyote vililetwa kwangu pamoja na kikaratasi: kitu, saa, umbali kutoka mwisho wa mashariki. Kina mama walilalamika, kina baba wakamtania. Mimi niligeuzwa karani wa vitu vilivyopotea bila kuulizwa, nikanung'unika, lakini moyoni nilifurahi. Mtaa mpya unachosha, na mzee alikuwa kichekesho changu cha asubuhi.

Halafu kikaja kiti.

Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Mama Cherehani, mjane aliyeshona sare za shule nyumbani kwake. Jua likipungua alitoa kiti nje akamalizia pindo kwa mkono. Jioni moja akatoa na kiti cha pili, cha mbao, chenye mto alioushona mwenyewe, akakiweka mbele ya mlango wa Mzee Kokoto. Mzee hakukiona, kwa sababu madirisha yake yanatazama nyuma. Mama Cherehani alikaa mpaka giza, akaingia ndani, kiti akakiacha palepale.

Alfajiri kikaletwa kwangu.

"Kiti kimoja, mbao, kina mto. Mita mia nne na kumi," mzee alisoma. "Kimekaa njiani, kijana. Hatari." Kijana ni mimi, mwenye miaka hamsini na mbili.

"Hatari kwa nani, mzee wangu? Ndege ya mwisho iliondoka miaka sita iliyopita."

"Ndivyo wanavyosema wote kabla ya ajali."

Nilikirudisha kwa mwenyewe. Mama Cherehani alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Nimwambie umemwekea yeye?" nikauliza.

"Thubutu! Nitaonekanaje? Mlango wa mwanamume anayeishi peke yake siugongi, watu watanisema mpaka nihame. Lakini kiti ni kiti tu. Akitaka, atakaa."

Jioni akakitoa tena, alfajiri kikaletwa tena. Ikawa hivyo wiki saba. Majirani walikuwa wananiuliza habari za kiti kama wanavyouliza matokeo ya mpira, nami niliwasimulia kwa mbwembwe, nikiigiza na mwendo wa mzee. Mtaa mzima ulijua kiti ni cha nani na kimewekwa kwa ajili ya nani, isipokuwa aliyewekewa.

Wiki ya sita nilipokirudisha, Mama Cherehani hakucheka. Aliupangusa mto kwa kiganja.

"Mtu akirudishiwa kitu mara zote hizi, anaelewa," alisema. "Hataki. Anaona haya tu kusema."

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Neno moja kwake, neno moja kwa mzee, basi. Badala yake nikasema, "Aa, mzoee tu, ndivyo alivyo," nikaenda kubadilisha balbu ya ngazini. Balbu ilikuwa imeungua kweli. Lakini kulikuwa na mchezo pia, na sikutaka uishe. Naona aibu kuandika hivyo, ila ndivyo ilivyokuwa.

Mwisho wa wiki ya saba mtoto wa Mama Cherehani alikuja kumchukua mama yake wakaishi pamoja mji mwingine. Cherehani ilifungwa ndani ya blanketi, kile kiti kikafungwa juu yake, mkokoteni ukasukumwa hadi yanakoishia magari. Mama Cherehani alisimama kidogo mbele ya mlango wa jirani yake, akatengeneza khanga, akaondoka.

Kesho yake alfajiri Mzee Kokoto alikuja mikono mitupu.

"Kiti leo hakipo," alisema.

"Mwenyewe amehama, mzee. Mama Cherehani, jirani yako."

"Kilikuwa chake? Mbona alikuwa anakiacha mlangoni kwangu?"

Sikuwa na pa kukimbilia. "Alikuwekea wewe. Kila jioni alikuwa anakaa pale nje kwenye kiti chake, anakungoja utoke mkae."

Alifungua daftari. Alipitisha kidole kwenye kurasa: kiti, kiti, kiti. Saa zote alizoandika zilikuwa za alfajiri.

"Jioni saa ngapi?"

"Kuanzia saa kumi na moja mpaka giza."

Alilifunga daftari. Nilitamani anitukane.

"Saa hizo nilikuwepo," alisema. "Kila siku navaa shati safi, nachemsha chai ya watu wawili, nakaa karibu na mlango. Nilikuwa nangoja mtu apige hodi."