Feni Niliyodhani Nimeivunja

Maji ya rejeta yakichemka hutoa harufu ya peke yake, tamu kidogo, kama sukari iliyoungua kwenye sufuria yenye kutu. Mwezi uliopita nilipita kando ya lori lililokwama, boneti juu, dereva kakaa kwenye nyasi akingoja lipoe. Harufu ile iliponifikia nikajikuta nimeficha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, mikono nyuma kama mdokozi wa nyama jikoni. Msinicheke kabla sijawaeleza.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Soweto, Moshi mjini, lakini kila Jumamosi Baba alitupakia kwenye pikapu yake ya kijani tukapanda mlimani Masama kumwona Bibi, mama yake, aliyekaa peke yake kihambani, kwenye shamba la ukoo, na ng'ombe wawili na migomba yake. Pikapu ile ilikuwa na sheria zake. Usiguse gia. Usiguse breki ya mkono. Boneti ikifunguliwa, mikono mfukoni. Kaka yangu Eliudi aliwahi kuiachia breki ya mkono, eti aone tu itakuwaje, na fimbo alizochapwa nilizisikia mimi niliyekuwa chumba cha pili. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na utani mwingi, na kwaya ya kanisani ilimtegemea kwa sauti ya chini. Ila mkono wake ulikuwa mwepesi, na sisi wanawe tuliujua wepesi huo.

Pamoja na hayo yote, nilikuwa na mapenzi ya siri na feni ya injini. Kule kwa Bibi, Baba akishapima oili na kwenda kunawa, nilikuwa napeleka kidole nikasukuma panga moja la feni. Ilikuwa nzito. Ilikwenda robo ya mzunguko ikagoma, kama ng'ombe asiyetaka kuingia zizini. Jumamosi moja nikaamua leo nitaishinda. Nikaisukuma kwa mikono miwili na nguvu zangu zote, nayo ikaachia. Ikazunguka, ikazunguka, nikahesabu mpaka saba na bado inakwenda yenyewe. Nikaishika pale katikati kuituliza, mikono ikarudi na mafuta mazito yaliyochanganyika na vumbi. Nikajifuta kwenye gauni langu la njano, nikakimbilia migombani na kuchuchumaa huko mpaka niliposikia naitwa. Nilijua nimevunja gari la Baba.

Jumamosi iliyofuata likachemka. Tulikuwa tunapanda kumchukua Bibi, aje mjini afanyiwe upasuaji wa tumbo. Tulipoacha lami na kuanza ule mpando mrefu, pikapu ikinguruma kwa gia ya kwanza, mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye alama nyekundu na moshi mweupe ukatoka chini ya boneti. Baba alikuwa na haraka ya hospitali. Akajizungushia kitambaa mkononi akafungua mfuniko wa rejeta. Maji yalilipuka kwa mlio ambao hata leo siwezi kuuiga, yakamuunguza kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Hakupiga kelele. Alikaa chini, mdomo wazi, ameushika mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, na Mama akawa anaumwagia maji ya kunywa. Nilisimama pembeni, mikono nyuma.

Gari lilipopoa tuliongeza maji tukafika. Kushuka na Bibi halikuchemka hata kidogo, na hilo ndilo lililowachanganya wote.

Baba alilipeleka kwa Fundi Rajabu kule Njoro, mtu mpole, mwenyeji wa Kondoa, aliyetengeneza magari ya nusu ya mtaa wetu. Fundi akaosha rejeta, akabadilisha thamostati, akaweka mkanda mpya, kisha akaliendesha kwenye lami mpaka mji wa Boma na kurudi. Akaja pale tulipomngoja gereji, akifuta mikono. "Mshale haukutikisika, Baba Eliudi. Gari lako zima." Alikuwa mtaalamu kweli, lakini alikuwa amelipima gari la mlimani kwenye barabara tambarare, sawa na kumpima mtu pumzi amelala. Baba alifurahi. Mimi nilijua hakuna aliyeitazama feni, na nilijua kwa nini haifai, na sikuthubutu kufungua mdomo.

Wakati huo, wiki ya pili baada ya upasuaji, Bibi alikuwa ameshatoka hospitali, amelala chumbani kwetu, anakunywa mtori wa ndizi na kuhesabu siku za kurudi kwake. Wageni waliokuja kumpa pole aliwasimulia jinsi alivyoyaficha maumivu yake miaka miwili kwa kuogopa kisu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alimalizia, akicheka na kuishika mishono yake isivute. Kila alipoisema methali ile niliona ananitazama mimi. Gauni la njano lilikuwa chini ya godoro alilolalia. Ikishafika Jumamosi, Baba atampakia kiti cha mbele, karibu kabisa na injini, na nilichokiona akilini usiku na mchana ni yale maji yakimlipukia Bibi kwenye tumbo lililoshonwa. Nikaacha kula. Mama akasema ni minyoo, akaninunulia dawa. Nikainywa yote, maana kuinywa kulikuwa rahisi kuliko kusema.

Jumamosi ikafika. Fundi Rajabu alilileta gari asubuhi, na Bibi akakalishwa mbele, mto mgongoni na kitenge magotini. Baba alikuwa anatafuta funguo mfukoni. Miguu yangu ikanipeleka langoni, kwenye ule mstari wa masale, mimea ya majani marefu ambayo Baba aliitoa kihambani akaipanda mjini ili tusisahau kwetu. Huko kwetu Uchaggani, mtu aliyekosa akikuletea jani la isale, huna ruhusa ya kumkatalia msamaha, hata kama mmefikishana mahakamani. Ni jani la wazee na mambo mazito, na mtoto akionekana analichezea hufukuzwa. Sikuwa na kitu kingine. Nikachuma moja, nikalibeba kwa mikono miwili, nikasimama mbele ya Baba.

Alilitazama jani, akanitazama mimi, akamgeukia mama yake.

"Pokea," Bibi akasema kutoka garini. "Likishaletwa halisubirishwi. Maneno yatafuata."

Baba akalipokea kwa mkono wa kulia, ule wenye bandeji. "Haya. Sema."

"Niliivunja feni," nikasema, na kilio kikanitoka chote. "Niliizungusha ikaachia, ikawa inakwenda yenyewe. Baba, usiondoke na Bibi. Itamuunguza kama wewe."

Nilifumba macho kungoja kofi. Sauti niliyoisikia ikawa ya Fundi Rajabu.

"Hayo ya majani malizaneni baadaye. Mtoto, ilizunguka mara ngapi?"

"Saba. Na zaidi."

"Gari lilikuwa na moto?"

"Ndiyo. Tulikuwa ndiyo kwanza tumefika kwa Bibi."

"Uliona mafuta?"

Nikakimbia ndani, nikalichomoa gauni chini ya godoro. Fundi akalisugua lile doa kwa vidole, akalinusa, halafu akafungua boneti na kuisukuma feni kwa kidole kimoja. Ikazunguka kwa raha zake, sote tukiitazama, mpaka ilipochoka.

"Astaghfirullah," akasema taratibu. "Wiki nzima nimehangaika na rejeta." Akamwonyesha Baba kile kidude cha mviringo katikati ya feni. "Hii ni klachi ya feni. Ndani yake kuna mafuta mazito. Injini ikipata moto, mafuta hayo ndiyo yanayoishika feni ikimbie na injini. Yamevuja yote. Ukiwa kwenye lami upepo wa barabarani unakupoza. Ukipanda mlima polepole upepo hakuna, na feni nayo inazembea."

"Kwa hiyo mtoto ndiye aliye…"

"Mtoto hakuvunja kitu. Mkono wa mtoto hauiwezi hii. Alipoishika, mafuta yalikuwa nje tayari, ndiyo haya hapa kwenye gauni. Ningeliona gauni hili mapema, hata thamostati nisingeigusa." Akaitupia jicho bandeji ya Baba.

Klachi nyingine isingepatikana siku ile, na Bibi alikataa katakata kushuka garini. Fundi akaifungua feni, akatoboa ile klachi na kuifunga kwa boliti mbili ili izunguke pamoja na injini wakati wote, dawa ya kutuvusha mpaka Jumatatu. Gari lilipowashwa, mvumo wake uliwatawanya kuku wa jirani. Bibi akauliza kama tunakwenda Masama au tunaruka angani.

Mimi nilipakiwa mbele, katikati ya Baba na Bibi. Nilisikia kwamba sikuvunja kitu, lakini tumbo langu lilikuwa halijasikia. Tulipoingia mpando ule mrefu sikuitazama migomba wala mlima. Nilikodolea macho mshale wa joto na mkono wangu nikauweka juu ya kitenge cha Bibi, mahali pa mishono, kana kwamba ungezuia chochote. Tukaipita ile kona tulipokwama, nyasi zake zikiwa bado zimelala. Mshale ukabaki katikati.

Hapo ndipo Baba aliponiuliza. Ilimbidi apaze sauti kuishinda feni, lakini haikuwa sauti ya ukali.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenichapa."

Baba akabadilisha gia. Bibi akageuza uso dirishani. Nilihesabu kona nikijua nikishuka tu nitakiona cha mtema kuni. Tukafika, Baba akamshusha mama yake, akaenda kuwakatia ng'ombe majani. Hakunichapa siku ile. Hakunichapa tena maisha yake yote, wala hakumchapa Eliudi, ambaye kwa kweli aliendelea kustahili. Nilikua nikiamini ni nguvu ya isale, na niliwahi kuwatambia wenzangu shuleni.

Juzi, tukimenya ndizi, nilimsimulia Mama habari ya lile lori. Akaniambia kitu ambacho hakuwahi kukisema. Tuliporudi jioni ile kutoka Masama, Baba alizima gari uani lakini hakushuka. Mama alimfuata kumwita chakula, akamkuta ameshika usukani kwa mikono yote miwili, na mzima na ule wa bandeji. Baba akamwambia, "Mama Eliudi, mtoto ameishi na hofu wiki tatu nyumbani kwangu, na hofu yenyewe ni mimi."

Nilikuwa na vingi vya kuogopa wakati ule: feni, safari, Bibi kuungua kama Baba. Hivyo vyote nilivitaja mwenyewe asubuhi ile, nikilia. Kilichobaki nilikisema garini kwa neno moja, bila kujua kwamba nimekisema, na yule aliyekuwa akituendesha alilisikia.