Sumu ya Mama Mdogo Léa

Solange, fundi wa nguo wa mtaa wa Mususa, alikuwa ameanza tena kutia uzi kwenye sindano bila kumwita mtu. Ugonjwa adimu uitwao Behçet ulikuwa umeugeuza mwili wake ujipige wenyewe: vidonda mdomoni, magoti kuvimba, macho mekundu kama pilipili. Dawa iliyomrudishia nuru ilitoka Kampala kupitia mpaka wa Kasindi, ikiwa kwenye barafu, na kila baada ya wiki mbili alisafiri hadi Beni kuchomwa sindano.

Kabla ya kumchoma mara ya kwanza, daktari Eliezer alikuwa amemuuliza: “Kwenu hakuna mutu aliugua tebe, kifua kikuu? Hii dawa inalaza baaskari ba mwili. Kama tebe ilijificha ndani, itaamuka.”

“Hapana, docteur.”

Hakudanganya. Mama mdogo Léa, aliyelala naye kitanda kimoja utotoni, alikohoa mwaka mzima hadi akabaki mifupa; lakini nyumbani kila mtu alijua kwamba aliuawa kwa sumu. Aliyemtilia alijulikana pia: jirani yao, Mama Jemima, aliyempa kikombe cha chai siku ya Pasaka. Miaka kumi na minane hawakumsalimu.

Mwezi wa tano wa sindano, Solange akaanza kukohoa. Jasho likamlowesha, kitenge kikamlegea kiunoni. Mama yake, Kanyere, akapiga makofi ya uchungu.

“Ni ule ule jirani! Alikula mudogo yangu, sasa anakuya kula mutoto. Kesho tunaenda kwa muzee wa dawa za miti, akutapishe hiyo sumu.”

“Chai gani alinipa, mama? Kwake sijakanyaga tangu utoto.”

“Sumu inapita hata na mupepo.”

Kikohozi kile Solange alikijua. Alikuwa amekisikia mgongoni mwake, chini ya blanketi moja na Léa.

“Mama, Léa alikuwa anatoka jasho sawa miye?”

“Sana. Kila asubui tulikuwa tunaanika matandiko.”

“Basi kyenye kilipita na mupepo ni tebe. Ndiyo docteur aliniuliza, nikamujibu hapana.”

Asubuhi Kanyere alivaa viatu vya safari, na njia waliyoshika ilikuwa ya Beni, si ya kwa mzee.

Makohozi yalipopimwa, tebe ilionekana. Daktari alisimamisha sindano, akaandika vidonge vya miezi sita.

“Na macho yangu, docteur?”

“Kwanza uishi. Macho tutayapigania na dawa ingine.”

Wiki ya tatu jicho la kushoto lilianza kuingia ukungu. Kanyere alikaa karibu na mashine ya kushona, akimtilia bintiye uzi. Ghafla akauweka chini, akavuka ua kwenda kwa jirani. Solange alimfuata.

Mama Jemima alikuwa mlangoni, na birika nyuma yake.

“Chai iko,” akasema. “Ao munaogopa?”

Kanyere alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka yakabaki majani ya chai chini.